Baibín Láidir na Jiwe la Lango la Makaburi

Parokia ya Ros na Leac, huko magharibi mwa Ayalandi, ilikuwa na akina Peadar wengi kuliko kondoo wa paroko. Jina la ukoo halikusaidia kitu, maana nusu ya watu walikuwa wa ukoo mmoja na nusu nyingine wameoa humohumo. Kwa hiyo mtu alijulikana kwa jina la baba, kisha la babu, na hayo yasipotosha, kwa kasoro yake: Seán Makengeza, Máirtín Kigugumizi, Nóra wa Kuku. Baibín, binti Tom, mjukuu wa Marcas, alikuwa na bahati. Yeye alirithi sifa badala ya kasoro. Aliitwa Baibín Láidir, na láidir kwa lugha yao maana yake ni mwenye nguvu.

Mwenyewe hakuwa na nguvu za kutajika. Alikuwa mfupi, na kifua chake kilipiga mluzi kila alipopanda kilima. Sifa hiyo ilitoka kwa babu yake, aliyenyanyua jiwe la mviringo lililolala nje ya lango la makaburi, jiwe zito kama ndama dume na laini kama yai, ambalo vijana wa zamani walipimana nalo baada ya mazishi. Tangu siku hiyo neno likaganda kwenye ukoo wake kama kupe.

Ila usidhani jina ni pambo tu. Baibín alianza maisha kwa kubeba mwani mgongoni na kuwauzia wakulima wa bara kuwa mbolea. Akapata punda kipofu. Punda akazaa punda mwenye macho, na huyo akabadilishwa kwa farasi mdogo wa kijivu, wale wa milima ile, wenye miguu myembamba na roho ngumu. Sasa alikuwa na zizi zima. Wanunuzi waliteremka kwenye basi, wengine wametoka Uingereza kabisa, wakauliza, "Kwa Láidir ni wapi?" Walijiambia kwamba watu wenye nguvu hufuga farasi wenye nguvu, na Baibín hakuona sababu ya kuwasahihisha.

"Mteja akijidanganya mwenyewe," alikuwa akisema, "dhambi ni yake na faida ni yangu."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka binamu yake, Peadar wa Micil, naye alipoanza kuuza farasi. Peadar alikuwa pande la mtu. Akiingia kanisani, waliokaa nyuma yake walisali kwa kubahatisha. Farasi wake walikuwa na magoti kama mafundo ya kamba, na wanunuzi walipita mbele ya geti lake bila kugeuza shingo. Jumapili moja baada ya misa, wanaume wakiwa wameegemea ukuta wa kanisa, Peadar akajisafisha koo.

"Baibín wee! Hebu niambie, dada. Nani mwenye nguvu kati yangu na wewe?"

"Wewe," Baibín akajibu. "Na ng'ombe dume wa paroko anakushinda. Kwani yeye tumwite nani?"

Wanaume wakacheka. Peadar hakucheka.

"Marcas ni babu yangu pia. Jina la mwanamume likae kwa mwanamume. Wewe unalitembeza kama umevaa suruali ya marehemu!"

"Marehemu alikuwa na kiuno. Wewe suruali yake isingekupita hata mkononi."

Akaondoka amenyoosha shingo, lakini moyoni alikuwa ameshapiga hesabu. Jina likienda kwa Peadar, wageni wa basi lijalo watateremka, watauliza kwa Láidir, na kidole cha kijiji kizima kitaelekea geti la Peadar. Yeye atabaki Baibín wa Tom, mmoja kati ya sita, na kapu la mwani lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango.

Nyumbani kwake wakati huo alikuwa amepanga msomi mmoja kutoka Dublin, Fiachra, mtu wa makamo mwenye miwani minene, ambaye watunga kamusi walikuwa wamempa kazi ya kufuatilia neno moja tu. Na neno lenyewe, kama kwa makusudi, lilikuwa hilo hilo láidir. Baibín aliposikia kwamba mtu anaweza kulipwa mwaka mzima kwa ajili ya kivumishi kimoja, alimtazama kwa heshima ambayo hajawahi kumpa hata askofu. Wakapatana palepale: kwa kila matumizi ya neno atakayomtajia, Fiachra atatoa ndoo moja ya samadi zizini.

"Bibie, chai mnaweza kuiita láidir?"

"Ikiwa kali inasimamisha kijiko, ndiyo. Ndoo ile pale."

"Na upepo?"

"Wa magharibi, ndiyo. Ndoo."

Kwa mtindo huo ikajulikana kwamba mkulima mwenye ng'ombe wengi ni láidir hata kama hawezi kufungua chupa, kwamba mgonjwa akianza kuomba viazi amekuwa láidir tena, na kwamba zizi la Baibín halijapata kuwa safi namna ile tangu lijengwe.

Jioni ile ya Jumapili, wakila samaki wa chumvi na viazi, Baibín akamuuliza, "Hivi neno lenyewe limetoka wapi?"

Fiachra akaweka uma chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hapo ndipo penye ukungu! Vitabu vya kale vina láitir. Ukirudi nyuma ya hapo, wengine wanalifunga na neno la zamani la shujaa wa vita, wengine wanasema fundo hilo halishiki. Kusema kweli, hatujui."

"Yaani ni farasi asiye na cheti cha ukoo."

"Hasa! Lakini analo jirani, tréan, maana karibu ileile. Huyo ukoo wake unajulikana tangu enzi na enzi. Shida yake ni moja. Ukitaka kusema mtu ana nguvu zaidi, tréan anageuka kuwa treise. Mtoto hafanani na mama."

"Wapo wa hivyo. Na huyu wetu?"

"Láidir? Anakuwa láidre, basi. Mpole. Na ukisema watu wengi wenye nguvu, ni láidre hiyohiyo."

Baibín akatafuna akiwaza. "Hana cheti, mpole, na mguu mmoja unafanya kazi mbili. Mwanangu, huyo ndiye wa kununua. Yule mwenye ukoo atakusumbua."

Mlango ukagongwa, au tuseme ukapigwa, na Peadar akaingia akiwa ameinama ili asing'oe kizingiti. Nyuma yake alikuwepo Maitiú, dalali wa mnada, mzee mwembamba mwenye viganja vipana kuliko uso wake.

"Nimekuja kwa Mwalimu," Peadar akasema. "Mwalimu, wewe umesoma. Neno hili, la kiume au la kike?"

Macho ya Fiachra yakang'aa nyuma ya miwani. "Swali zuri sana, bwana! Kivumishi hakina jinsia ya kwake. Kinamfuata bwana wake nyuma kama mbwa wa kondoo na kuazima jinsia kwake. Angalia: Seán mweupe ni Seán Bán, lakini Máire mweupe ni Máire Bhán. Sauti ya kwanza inalainika mbele ya mwanamke."

"Ahaa!" Peadar akamtazama Baibín. "Inalainika!"

"Lakini láidir inaanza na L, na L ukiiandika haionyeshi ulaini wowote. Peadar Láidir, Baibín Láidir. Kwenye karatasi ni kitu kimoja."

"Kwa hiyo ni langu?"

"Kwa hiyo ni la yeyote."

Peadar akamgeukia Maitiú. "Unaona watu wa vitabu? Unawauliza njia ya dukani, wanakuonyesha ramani ya bahari." Kisha akapiga ngumi mezani, viazi vikaruka. "Basi! Tutaliuliza jiwe!"

Desturi ilikuwepo, ingawa hakuna aliyeitumia tangu enzi za Marcas: jina lililopatikana kwenye jiwe laweza kudaiwa kwenye jiwe, siku ya sikukuu ya mtakatifu wa parokia, baada ya watu kusali kisimani. Anayedai akilinyanyua kama mwenye jina alivyolinyanyua, amelichukua.

"Sawa," Baibín akasema. "Na sasa ondoka, unaziba joto la moto."

Asubuhi yake, kabla watu hawajakamua ng'ombe, alikwenda makaburini peke yake. Akalikumbatia jiwe, akavuta. Jiwe halikumjibu hata salamu. Akavuta tena, kifua kikapiga mluzi mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye misalaba, naye akaketi juu ya jiwe lenyewe kupumua. Alipokuwa ameketi hapo Maitiú akapita na fimbo yake.

"Usijiumize, binti Tom. Babu yako mwenyewe alilifikisha gotini tu, na alilala siku mbili."

"Gotini? Mama alisema alilipitishia upepo tu chini."

"Hapana, goti. Ingawa kwa akina Nóra wanasema kifuani. Na kwa akina Seán Makengeza utaambiwa alizunguka nalo kanisa, lakini unajua macho yao." Maitiú akacheka, akaenda zake.

Baibín hakucheka. Alibaki ameketi pale mpaka umande ukamlowesha sketi. Kila nyumba ilikuwa na kimo chake, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemuuliza Peadar: mpaka wapi? Baibín aliamua kwamba swali hilo ni mali, na mali haitolewi mapema.

Hapa inafaa ujue jinsi watu wale wanavyouziana farasi. Muuzaji hutaja bei ya wazimu, mnunuzi hutaja bei ya matusi, na dalali hukaa katikati akivuta viganja vyao. Zikikaribiana, umati hupiga kelele, "Gaweni!" yaani mkatane katikati, na anayekataa hapo huonekana hana malezi. Kisha hutema mate kiganjani na kupigana kofi la mkono. Kabla ya kofi hakuna biashara, hata malaika wakitoa ushahidi. Na aliyeshika mali yake akaiondoa katikati ya mapatano, bei imekufa, aanze siku nyingine. Mtoto wa Ros na Leac hujua haya kabla ya kujua Baba Yetu.

Siku ya sikukuu jua lilitoka, jambo lililowatia watu wasiwasi. Walizunguka kisima wakisali, kisha wakalizunguka jiwe wakiweka dau. Paroko alisema hapendi upagani huu, akasogea mbele aone vizuri. Fiachra alikuwa juu ya ukuta na penseli sikioni. Peadar akavua koti, akavua na kizibao, akatema mate viganjani, akainama.

"Tayari, Baibín?" Maitiú akauliza.

"Mimi? Mimi niko tayari tangu nizaliwe."

Peadar akaguna. Jiwe likayumba, likaachana na nyasi, upepo ukapita chini yake, likapanda mpaka magotini. Watu wakapiga makofi. Shingo ya Peadar ilikuwa nyekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Hapo!" akasema kwa meno. "Mmeona!"

"Nimeona," Baibín akasema, akilizunguka taratibu kama anayekagua jike la farasi. "Jiwe zuri. Unalipeleka wapi?"

"Nalipeleka wapi? Nimelinyanyua!"

"Umelifikisha gotini. Babu yangu alilifikisha kidevuni."

"Kidevuni!" Mtu mwingine yeyote duniani angelitua jiwe na kubishana akiwa amekaa. Lakini Peadar alikuwa ametajiwa bei ya wazimu mbele ya umati, na damu ya minada ikamchemka. "Kidevuni! Huyu mwanamke ananyonya watu! Babu alilipitishia upepo tu, hata panya asingepita!"

"Goti!" akapaza Maitiú.

"Kifuani!" wakapaza akina Nóra.

"Mnasikia? Hata hamjui. Basi nitakufanyia wema," Peadar akasema, jasho likimtiririka puani. "Mapajani!" Na ili kuonyesha kwamba ofa ni ya kweli, akalipandisha mapajani.

"Begani," Baibín akasema. "Nimeshuka kutoka kidevuni kwa sababu wewe ni damu yangu."

"Mkandani, na hapo ndipo mwisho wangu!"

"Kama ni mwisho wako, litue. Wanaoondoa mali sokoni nimewazoea."

"Asilitue!" watu wakapiga kelele. "Akilitua bei imekufa!"

"Silitui!" Peadar akanguruma, akalipandisha mkandani. Magoti yake yalikuwa yameanza kuongea yenyewe kwa yenyewe.

Baibín akatazama mawingu. Akatengeneza kitambaa cha kichwani. "Kifuani," akasema hatimaye. "Kifuani, na Mungu anisamehe, naliuza jina la babu kwa bei ya hasara."

Maitiú hakuweza kuvumilia tena. Akajitumbukiza katikati mikono imetanda. "Huyu anasema mkandani, huyu anasema kifuani! Kuna nini hapo katikati? Kiganja kimoja! Gaweni!"

"Gaweni!" umati ukaitikia. "Gaweni!" akaitikia paroko, kisha akakohoa.

"Ubavu wa mwisho," Baibín akasema.

"Ubavu wa mwisho!" Peadar akalia, na kwa mguno uliowaamsha waliolala upande wa pili wa ukuta, akalisukuma jiwe mpaka ubavu wa mwisho. "Lipo! Haya! Lipo!"

"Lipo," Baibín akakubali. "Bei nzuri, mali safi. Jina lako." Akatema mate kiganjani, akaunyoosha mkono. "Lete mkono."

Peadar akautazama ule mkono kama mtu anayetazama daraja lililovunjika.

"Mikono yangu ina jiwe, kiumbe wewe!"

"Hilo ni kati yako na jiwe. Biashara bila mkono ni porojo. Nitakaa hivi hivi, sina haraka."

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeteseka kama Maitiú. Bei imepatikana, watu wamegawana, mkono umenyooshwa na mate yanakauka, na hakuna wa kuupokea! Maisha yake yote mzee yule hakuwahi kuuacha mkono ukining'inia hewani. Alihangaika akihama mguu mmoja hadi mwingine, kisha viganja vyake vipana vikaruka vyenyewe, vikamshika Peadar kifundo cha mkono kama alivyowashika wanunuzi elfu.

"Mpe mkono, bwana! Mpe, usimwaibishe mtu!"

Na mkono wa Peadar ukaenda. Haukumuuliza. Baba yake, babu yake na baba wa babu yake walikuwa ndani ya mkono ule, wote wafanyabiashara, na uliposikia "mpe mkono" ulitoka chini ya jiwe na kupiga kiganja cha Baibín kofi lililosikika mpaka kisimani.

Jiwe likaenda lilikozoea. Mguu wa kushoto wa Peadar ulikuwa umetangulia pale.

Baada ya kelele za kwanza, ambazo paroko alijifanya hajui maana yake, Peadar aliyekuwa amekaa kwenye nyasi alinyoosha kidole. "Nimeshinda! Lilikuwa kwenye ubavu! Mmeona wote!"

Watu wakamtazama Maitiú. Mzee akajikuna kidevu. Mapatano yalikuwa fani yake, na ndani ya fani yake hakujua upendeleo.

"Mikono ilipokutana," akasema, "mali ilikuwa chini, na bei imekufa."

"Ni wewe uliyenivuta!"

"Kazi yangu ni kuvuta. Kazi yako ilikuwa kukataa."

Hata waliopoteza dau walitikisa vichwa kukubali. Baibín bado alikuwa ameushika mkono wa binamu yake, na hakuuachia.

"Sasa, Peadar. Unaniita nani?"

"Baibín."

"Baibín yupi? Tuko sita hapa."

"…Láidir."

"Upepo umelichukua."

"Láidir! Baibín Láidir! Niachie mkono, mchawi!"

Akamwachia. Kutoka ukutani sauti ya Fiachra ikasikika, ya woga kidogo. "Bibie, na hiyo nayo ni ndoo?"

"Ndoo mbili. Imesemwa kwa sauti."

Wakamsogeza Peadar kisimani, wakamvua kiatu na kuutumbukiza mguu kwenye maji ya mtakatifu, ambayo husaidia meno na, wengine wanasema, vidole. Kidole gumba kilikuwa kimeshakuwa na rangi ya kiazi kilichooza. Baibín alikitazama kwa makini. Kisha akamtazama farasi jike wa kijivu aliyefungwa kwenye lango, ambaye Peadar alikuja naye. Katika zizi lote la Peadar ndiye pekee aliyekuwa na magoti, na Baibín alikuwa amemtamani tangu masika.

"Huyo hutaweza kumpanda kurudi nyumbani," akasema.

"Usianze."

"Sijaanza kitu. Nauliza tu nani atamlisha mpaka mguu upone. Nikupe ile bei uliyotaka mwezi uliopita, kasoro kidogo."

"Kasoro kidogo! Mwezi uliopita uliikataa bei yenyewe!"

"Mwezi uliopita ulikuwa na miguu miwili."

Peadar akataja bei ya wazimu. Baibín akataja bei ya matusi. Watu waliokuwa wameanza kutawanyika wakarudi kuwazunguka, na Maitiú, macho yakimwaka, akajipenyeza katikati akikunja mikono ya shati.

"Gaweni!" mtu akapaza.

Baibín akatema mate kiganjani. Peadar akautazama mkono unaomjia, akamtazama Maitiú, kisha akaikalia mikono yake yote miwili.